Mchezaji Anayeangusha Mpira: Je, Mwalimu Amtoe?

Wapo kati yetu watakaouliza mpira una kazi gani katika gazeti la Kanisa. Jibu letu ni fupi. Jumamosi alasiri vijana wetu wengi, na baba zao pia, huwa kiwanjani kabla ya kuonekana kanisani Jumapili. Na yale wanayojifunza kule juu ya namna ya kumtendea mtu aliyekosea huja nayo mpaka kwenye kwaya, kwenye halmashauri ya mtaa na nyumbani.

Yuko mchezaji ambaye kila akipewa mpira unamponyoka. Katika netiboli ni yule mfungaji anayerushiwa pasi nzuri, nayo ikamdondoka mikononi. Katika kandanda ni mlinda mlango anayetema mpira miguuni mwa adui. Si mara moja, sasa ni mechi ya tatu. Mwalimu wa timu amfanyeje?

Watu wa pande hizi hawahitaji kuambiwa uzito wa kosa moja. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Msimu wa 2013/14 Mbeya City, wakiwa wageni kabisa katika Ligi Kuu, walimaliza nafasi ya tatu. Na mwaka 2019 Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Lindi, na bao moja tu la Azam likatosha kuirudisha mikono mitupu. Basi hasira ya watazamaji katika uwanja wa Sokoine au wa Samora si jambo la kuchekwa.

Lakini hasira hiyo hutafuta upesi mtu wa kubeba lawama. Kwetu, mlinda mlango akitema mpira mara mbili, maneno ni mawili: ama amehongwa, ama amerogwa. La kwanza humfanya kijana mwizi pasipo shahidi, na amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haikusema kwamba kiwanjani ni ruhusa. La pili huwapeleka viongozi kwenye ile inayoitwa kwa adabu "kamati ya ufundi", ambayo kila mpenzi wa mpira ajua ya kuwa ufundi wake si wa miguu. Fedha ambazo zingenunua mipira na glavu huishia kwa mganga, na kijana hafundishwi kitu. Ajabu ni kwamba timu ikifungwa, mganga hawekwi benchi.

Sababu za kweli mara nyingi ni za kawaida. Mchezaji huondoa macho kwenye mpira kabla haujamfikia, kwa kuwa ameanza kutazama pa kuupeleka. Au hukaza mikono, mpira ukadunda kama umegonga ukuta. Mvua za Mbeya huulowesha ukateleza kama sabuni. Tena huku nyanda za juu, hewa ikiwa nyepesi, mpira huenda kasi kuliko pwani. Yuko pia anayecheza na njaa, na yuko asiyeona vizuri ambaye hakuna aliyewahi kumpeleka kupimwa macho. Na iko sababu inayoletwa na mwalimu mwenyewe: kijana aliyefokewa mbele ya watu, mpira unaofuata huupokea kwa jicho moja, la pili likiwa kwa mwalimu.

Uko mfano uliosikika duniani kote. Tarehe 26 Mei 2018, mjini Kyiv, Loris Karius, mlinda mlango wa Liverpool, alifanya makosa mawili makubwa katika fainali ya Ulaya, na Real Madrid wakashinda 3–1. Alitukanwa, akatishiwa hata kuuawa. Siku chache baadaye madaktari wa Boston, Marekani, walimpima wakaona dalili za mtikisiko wa ubongo, ambao yaelekea aliupata katika mechi ile ile, na ambao huenda ulimharibia uwezo wa kuona na kukadiria. Waliomtukana hawakujua, wala hawakungoja kujua. Hata hivyo, Liverpool ilinunua mlinda mlango mwingine, na mwaka uliofuata ikalitwaa kombe lile lile. Karius hakuichezea tena mechi ya mashindano. Matusi yale yalikuwa dhambi waziwazi. Je, na mwalimu aliyembadilisha alitenda dhambi?

Hatudhani hivyo. Kwenye benchi amekaa kijana mwingine, aliyefika mazoezini kila siku, ambaye mpira haumponyoki. Kumwacha huyo akae mwaka mzima ili mwenziwe asione haya ni huruma inayolipwa na mtu asiyeulizwa. Wenye timu kumi na mmoja, au saba wa netiboli, nao wana haki yao. Kwa hiyo mwalimu anaweza kumtoa mchezaji na bado akawa Mkristo mwema. Tunalouliza ni jinsi anavyomtoa. Kumwita pembeni siku ya Alhamisi na kumweleza uso kwa uso kinachopungua ni jambo moja. Kumwacha ajisomee ubaoni Jumamosi kwamba jina lake halimo, huku wenzake wakicheka, ni jambo jingine kabisa. Na akishakaa benchi, je, kuna mtu anayebaki naye baada ya mazoezi kumrushia mipira, au ndiyo amesahauliwa?

Mitume nao waligombana juu ya neno hili. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba safarini kule Pamfilia. Walipotaka kusafiri tena, Barnaba alitaka kumchukua, Paulo akakataa katakata, na ubishi ukawa mkali hata wakaachana. Paulo alimchagua Sila. Barnaba alimchukua Marko, wakapanda meli kwenda Kipro. (Marko alikuwa jamaa yake Barnaba, na leo tungesema anampendelea ndugu yake.) Kitabu cha Matendo hakisemi nani alikuwa na haki. Paulo alikuwa na kazi ngumu mbele yake na alitaka mtu asiyerudi njiani, nasi hatuwezi kumlaumu. Lakini miaka mingi baadaye, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Mtu yule yule aliyeachwa nje ya kikosi!

Katikati ya ubishi ule na barua ile kuna kazi ya Barnaba. Maandiko hayatuambii alimfundisha nini Marko huko kisiwani. Twajua tu kwamba alisafiri naye.