Elimu ya Bei na Elimu ya Ghaibu

Siku moja ya mwezi wa Aprili, mvua ilipokuwa ikinyesha mjini Tukuyu kwa namna inayowafanya wageni wadhani kwamba mbingu imetoboka na wenyeji wasiinue hata macho, nilikuwa nimejihifadhi barazani kwa duka moja karibu na stendi pamoja na mzee mmoja, mkulima wa chai wa upande wa Katumba, na redio ya mwenye duka ilikuwa ikimtoa mwalimu mmoja wa chuo kikuu, bingwa wa elimu ya fedha, akifasiri habari za soko la hisa: kwa nini benki fulani imepanda, kwa nini kampuni fulani imeshuka, na nini kitarajiwe kabla ya mwisho wa mwaka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kuondoa mkono kwenye fimbo yake, kisha akanigeukia, akaniuliza: “Mwanangu, huyu kesho ameonyeshwa na nani?”

Nimelibeba swali hilo kwa miezi mingi, na kila nikilipima naliona ni zito kuliko nilivyolidhania siku ile. Mzee hakuwa akidhihaki. Yeye ni Mmoraviani, mjukuu wa watu walioisikia Injili katika misheni ya Rungwe iliyoanzishwa mwaka 1891, naye amekua akifundishwa kwamba kesho ni mali ya Mungu. Na jirani zake Waislamu wa mjini, ambao kila ahadi yao hufungwa kwa inshallah, hawatofautiani naye katika jambo hili hata kidogo, kwa kuwa kwao elimu ya ghaibu ni katika mambo ambayo Mwenyezi Mungu hakumpa kiumbe ufunguo wake. Basi mtu anapoketi mbele ya kipaza sauti, akapokea heshima na pengine na ujira kwa kusema kitakachokuwa, je, huyo ni mwanachuoni, au ni mpiga ramli aliyevaa tai?

Liko jibu la haraka, nalo ni kusema kwamba kukisia kesho ni dhambi. Lakini jibu hilo halisimami hata kitambo kidogo mbele ya shamba la chai. Mche wa chai hauchumwi mwaka unaopandwa. Mkulima huupalilia na kuupogoa kwa muda mrefu bila kupata chochote, akitumaini kwamba siku utakapokomaa watu wa nchi asizozijua watakuwa bado wanakipenda kinywaji hicho, na kwamba barabara itapitika, na kwamba kiwanda hakitakuwa kimefungwa. Kupanda ni kukisia. Na dini zote mbili zinamheshimu Nabii Yusufu, aliyefasiri ndoto ya Farao akatoa habari ya miaka saba ya neema na miaka saba ya njaa. Ila watu husahau sehemu ya pili ya kisa chake: Yusufu hakufasiri akaenda zake, bali alikabidhiwa maghala, akawa mdhamini wa neno lake mwenyewe, na lau njaa isingekuja, yeye ndiye angeulizwa nafaka ya watu ilikusanywa kwa sababu gani.

Yafaa kwanza kuijua biashara yenyewe. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua tarehe 15 Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Na mwaka uliofuata ikaorodheshwa Tatepa, kampuni ya chai, ambayo ilikuja kushika sehemu kubwa ya Kampuni ya Chai ya Wakulima yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli, wakulima wadogo wa Rungwe nao wakiwa na fungu lao kwa jina la chama chao. Kwa hiyo zilikuwako siku ambapo majani mawili na chipukizi lake, yaliyochumwa na mama mwenye mtoto mgongoni, yalikuwa na bei tatu kwa wakati mmoja: bei ya mizani pale kituoni, bei ya mnada wa Mombasa, na bei ya hisa huko Dar es Salaam, ambako mnunuzi hakununua majani bali alinunua matumaini ya majani ya miaka ijayo. Hiyo bei ya tatu ndiyo uwanja wa profesa.

Na hapa pana ajabu ambayo wasikilizaji wa redio aghalabu hawaambiwi. Tangu Mfaransa Louis Bachelier alipotoa tasnifu yake mjini Paris mwaka 1900, na hasa tangu Eugene Fama wa Chicago alipoipanga hoja hiyo sawasawa katika miaka ya 1960, wanachuoni wengi wa fani hii wamekubali kwamba bei ya leo imekwisha kuzimeza habari zote zinazojulikana leo, na kwa hiyo kitakachoisogeza kesho ni habari ambayo haijazaliwa, nayo, maadamu haijazaliwa, haina anayeijua. Wapo wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Lakini elimu hiyo ikifuatwa mpaka mwisho wake inamwambia profesa maneno yale yale ya mzee wa Katumba, na mimi sijapata kuona fani nyingine ambayo mabingwa wake huthibitisha darasani asubuhi kwamba jambo haliwezekani, kisha jioni wakaalikwa redioni kulifanya.

Aliyeionja ajabu hiyo kwa uchungu kuliko wengi ni Irving Fisher wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Huyu hakuwa mjinga wala mlaghai. Wachumi wa baada yake wamemhesabu kuwa miongoni mwa vichwa vikubwa ambavyo nchi ile imepata kuvizaa. Alikuwa amepona kifua kikuu wakati ambapo wengi hawakupona. Alikuwa amebuni namna ya kupanga kadi za kumbukumbu iliyompatia utajiri. Na hesabu zake za bei zilichapwa magazetini kila wiki. Katikati ya Oktoba 1929 aliwaambia watu kwamba bei za hisa zimefika juu na zitakaa huko daima, mfano wa uwanda ulioko kileleni. Hazikupita wiki mbili soko likaporomoka, na kufikia katikati ya mwaka 1932 hisa za makampuni makubwa ya New York zilikuwa zimepoteza karibu sehemu tisa katika kumi za thamani yake. Fisher naye alipoteza mali yake yote, akawa akiishi kwa mikopo ya shemeji yake na kwa hisani ya chuo, kilichoinunua nyumba yake ili asikose pa kulaza ubavu.

Watu hukileta kisa cha Fisher ili wacheke. Mimi sicheki. Naona kina heshima ndani yake, kwa kuwa alichowaambia watu ndicho alichokifanya: mali yake ilikuwa sokoni pamoja na ulimi wake. Na mwaka 1933, akiwa mtu aliyefilisika na ambaye neno lake halikuwa tena na mnunuzi, alieleza jinsi madeni na kushuka kwa bei yanavyoshikana mkono kuiangusha nchi nzima, na maelezo hayo, ambayo wenzake waliyapita kama gazeti la jana, yanasomwa mpaka leo. Alianguka akiwa mwaguzi, akasimama akiwa mwanachuoni. Robert Shiller, wa Yale hiyo hiyo, alikuwa na bahati iliyo kinyume: Desemba 1996 aliwaonya wakuu wa benki kuu ya Marekani kwamba bei zimepita kiasi; bei zikaendelea kupanda kwa zaidi ya miaka mitatu, na aliyemtii akauza siku ile alikaa akiwatazama jirani zake wakitajirika, mpaka anguko la mwaka 2000 lilipompa profesa haki yake. Tumwite mkweli au mkosaji? Ukweli usio na tarehe humfaa mwanafalsafa. Mwenye kununua na kuuza hawezi kuula.

Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano mkubwa, maana uko hapa hapa. Kabla ya misheni Wanyakyusa walikuwa na Lwembe, mtawala mtakatifu wa Lubaga, ambaye mvua, rutuba ya ardhi na uzazi wa watu na ng'ombe vilihesabiwa kuwa vimefungamana na mwili wake; na Monica Wilson, mwanaantropolojia aliyefanya utafiti katika nchi hii kati ya miaka ya 1934 na 1938, ameeleza kwa kirefu jinsi cheo hicho kilivyoogopwa kuliko kilivyotamaniwa. Lwembe akiugua sana, wazee hawakungoja maradhi yamalize kazi. Walimziba pumzi, ili nguvu za nchi zisitoke pamoja na roho yake. Ni desturi ya kutisha, na simwombei mtu yeyote irudi. Tazama lakini sharti lililokuwamo: asimamaye kati ya watu na kesho yao, kesho hiyo ikiharibika, uharibifu huo uanzie kwake yeye. Mfasiri wa soko wa zama zetu amepewa kigoda cha Lwembe bila sharti la Lwembe. Akisema hisa itapanda, nayo ikapanda, huitwa tena wiki ijayo. Akisema itapanda, nayo ikashuka, huitwa tena wiki ijayo aeleze kwa nini imeshuka.

Si wote, na haki itendeke. Watanzania wa rika langu wakisikia neno mchumi, wengi humkumbuka Profesa Honest Ngowi wa Chuo Kikuu cha Mzumbe, aliyekuwa mkuu wa Ndaki ya Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi waandishi wa habari walimtafuta kila bajeti iliposomwa na kila shilingi ilipoyumba. Hakuwa mtu wa hisa peke yake. Na nilivyomsikia mimi, kazi aliyoipenda ilikuwa kuyashusha maneno ya wachumi kutoka rafu ya juu mpaka mahali ambapo mkono wa mwenye genge unafika. Tarehe 28 Machi 2022 alikuwa safarini kwenda Morogoro, na huko Mlandizi, mkoani Pwani, kontena lililokuwa juu ya lori likaliangukia gari lake, akafariki dunia pamoja na dereva wake. Naona haya kumgeuza marehemu kuwa hoja; lakini sikuweza, jioni ile habari ilipofika Tukuyu, kutolikumbuka onyo la Mtume Yakobo kwa wafanyabiashara wanaopanga mwaka mzima wa biashara na faida hali hawajui ya kesho, wala kutofikiri kwamba huyu aliyeulizwa na taifa habari za mwaka ujao hakuwa amepewa, yeye kama sisi, hata jioni ya siku yake.

Rai yangu ni hii. Mwanachuoni wa fedha anayesema: nimezitazama hesabu za kampuni, deni lake ni kiasi hiki, faida yake imetoka mahali hapa, na kwa dhana yangu hali itakuwa hivi, huyo hajaigusa ghaibu, ni sawa na mkulima anayetazama mawingu juu ya Mlima Rungwe akaamua asianike kahawa. Kosa huanza pale dhana inapovishwa kanzu ya yakini, na hukamilika pale msemaji asipoweka chake chochote katika mizani aliyowaita wenzake waweke. Na kosa hilo si dogo tena, kwa kuwa siku hizi kijana wa Tukuyu aweza kununua hisa kwa simu, kwa programu ya Hisa Kiganjani, bila kuonana na dalali uso kwa uso, naye amesikia nusu tu ya kipindi. Hisa za benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye zilikuwa chini ya bei hiyo, na kufikia mwaka 2024 zilikuwa zimepita shilingi 400. Katika habari hiyo moja yumo aliyeuza kwa hofu mwaka 2019 baada ya kumsikiliza bingwa, na yumo aliyeisahau karatasi yake sandukuni akatajirika kwa usahaulifu, wala sioni kwamba huyu wa pili alimshinda wa kwanza kwa hekima.

Si mbali na mji wetu liko ziwa dogo la volkano liitwalo Masoko, jina ambalo hunichekesha kila nilipitiapo. Husimuliwa kwamba Wajerumani, walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita Kuu ya Kwanza, walizamisha fedha zao humo. Mali iko chini, yasemekana. Maji hayaonyeshi kitu. Na ufukoni hakukosi mtu wa kukuelekeza mahali hasa ilipo.

Kiini cha haya, kwa ufupi, ndicho nilichomjibu mzee siku ile, na sitaficha kwamba nilijibu kwa majivuno kidogo. Akanisikiliza kama alivyoisikiliza redio. Mvua ilikuwa imepungua, na vijana wa bodaboda wameanza kufuta viti vyao.

“Nimekuelewa, mwanangu,” akasema. “Sasa kwa hayo unayoyajua, zile hisa walizozitaja ninunue au nisinunue?”

Nikamwambia: “Tata, kampuni ile naiona njema, nunua kidogo.”

“Na wewe unazo ngapi?”

Sikuwa nayo hata moja.