Tujiandae Kakao Ingali Mtini

Mkulima wa Oicha anayetafuta bashi ya kuanikia siku ya kuvuna amekwisha kuchelewa. Kakao ikipasuliwa haimngoji mtu. Ule ute mweupe unaanza kuchacha siku hiyohiyo, uwe na sanduku la kuchachulia au huna. Asiye na sanduku, majani ya migomba wala mahali pa kuanika, njia inabaki moja: abebe kakao mbichi hadi depo, apokee bei atakayotajiwa. Kilo mbili na nusu za mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Mnunuzi anaijua hesabu hiyo kichwani. Na wewe uijue kabla hujasimama mbele ya mzani wake.

Najua mtakachonijibu: vita. Tangu Oktoba 2014 tumezika watu wengi mno katika teritwari hii ya Beni, na kuna mashamba upande wa Eringeti ambamo wenyewe hawathubutu kulala. Simwambii mtu ajipe moyo aingie porini wakati habari ni mbaya. Ujasiri wa namna hiyo huhubiriwa na watu wanaoishi mbali. Lakini ndiyo sababu maandalizi yanatuhusu sisi kuliko mkulima mwenye amani. Siku za kufika shambani zikiwa chache, kila siku inayopatikana ikukute panga limenolewa, wasaidizi mmeshakubaliana nao, na sanduku liko pale unapolala salama, si kule shambani unakokukimbia.

Tena kujiandaa si jambo jipya kwetu. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kuanzia Mangina, ikafika Beni, Oicha na Butembo, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Ikarudi upande wa Butembo Februari 2021, ikaishia kwa wagonjwa 12. Ikarudi Beni Oktoba mwaka huohuo, wagonjwa 11. Virusi havikuwa vimepata huruma. Safari hizo Ebola ilikuta wauguzi wa hapa wanaozijua dalili, chanjo inayofahamika, na akina mama ambao hawahitaji kuelezwa ndoo ya maji yenye klorini mlangoni ni ya nini. Watu wa namna hiyo watashindwaje na sanduku la mbao?

Basi tushike kazi. Tafuta mbao leo, na chini ya sanduku toboa matundu maji yatoke. Ganda la kakao lipasue kwa rungu; panga kali linajeruhi mbegu, na mbegu yenye jeraha huota ukungu. Tandika majani ya migomba, mwaga mbegu, funika vizuri. Baada ya siku mbili tia mkono katikati: pakiwa pamepata joto la kweli, kazi inaendelea, geuza. Siku ya tano au ya sita kata mbegu moja katikati. Rangi ya kahawia ikianza kuingia, anika. Usianike pembeni ya barabara kubwa. Vumbi na moshi wa malori ya njia ya Komanda vinaingia mpaka ndani. Geuza mara nyingi, ikusanye mvua ikinukia, na usiseme imekauka mpaka ukiibana kiganjani isikike ikilia.

Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, kisha ikashuka. Itapanda tena, itashuka tena, na hakuna mtu wa Oicha atakayeulizwa. Lililo mikononi mwetu ni kujiandaa. Wazee wetu waliona kahawa yao ya robusta ikinyauka kwa ugonjwa mashambani. Waliokuwa wameshaanza vitalu vya kakao walivuna mapema, kwa sababu mche huchukua miaka kama mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa. Jirani zao walikuwa bado wanaitazama kahawa.

Vijana, bashi moja ni ghali kwa mtu mmoja. Kwa likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana, ya watu kumi ni mchango wa wiki chache. Kaeni Jumapili hii baada ya ibada, muandike majina, mchague mwenye kutunza fedha na mwingine wa kumkagua. Mkubaliane pia nani atawasha simu alfajiri kuuliza njia ikoje kabla mtu yeyote hajatoka. Wiki inayofuata mwende kwa fundi seremala mkiwa na vipimo vya sanduku mkononi, kabla maganda hayajaanza kugeuka manjano.