Heshima Haiuzwi Pamoja na Nishani



Mzee akifa, mkuki wake hubaki mikononi mwa mwanawe. Mtoto aweza kuushika, kuusugua na kuutundika ukutani. Je, kwa kuushika tu amekuwa shujaa kama baba yake? Kila mwenye akili atajibu: Hapana. Swali hilo dogo litatusaidia kufikiri juu ya jambo lifanywalo huko Marekani, na katika nchi nyingine pia: watu hununua na kukusanya nishani za vita walizopewa wengine.

Tutwae mfano mmoja. Mwezi wa Oktoba 1943, wakati wa vita vikuu vya pili vya ulimwengu, jeshi la Marekani liliweka nishani kwa ajili ya askari wa miguu waliopigana wenyewe na adui. Sababu yake yaeleweka: askari hao walilala matopeni na kufa kwa wingi, nao walipata sifa kidogo. Nishani yenyewe ni kipande chembamba cha madini, urefu wake kama sentimita 7 na nusu. Katikati pana sura ya gobori la mwaka 1795 juu ya rangi ya buluu, na kulizunguka pana taji la majani ya mwaloni. Mwaka 1944 sheria iliamuru kwamba askari asiye ofisa aliyepewa nishani hiyo aongezewe dola 10 kila mwezi.

Nishani ni moja, lakini namna zake ni nyingi. Nyingine zilifanywa kwa fedha halisi, nyingine kwa madini hafifu. Nyingine zina pini ndefu, nyingine zina misumari miwili midogo yenye vifungo. Nyingine ni nyeusi, zisimetemete mbele ya adui. Nyingine zimeshonwa kwa uzi juu ya kitambaa. Aliyeistahili tena katika vita vingine huongezewa nyota. Nyuma yake pengine pana chapa ya fundi. Mkusanyaji huzitafuta zote, huzipanga sandukuni, na hufurahi sana apatapo ile aliyoikosa.

Je, mtu huyo afanya vibaya? Tusihukumu upesi. Vitu vya wafu vikitupwa, mara nyingi habari zao hupotea pamoja navyo. Avitunzaye kwa uangalifu, na kuijua nishani ya kweli na ya uongo, aweza kuwa mlinzi mwema wa kumbukumbu.

Lakini ziko hatari tatu.

Ya kwanza ni kujivika heshima ya mwingine. Mwaka 2006 Marekani ilitunga sheria ya kumwadhibu asemaye uongo kwamba alipewa nishani ya jeshi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliitangua, kwa kuwa ilivunja haki ya watu ya kusema. Mwaka 2013 ikatungwa sheria nyingine: aadhibiwe yule asemaye uongo huo ili ajipatie fedha, mali au faida nyingine. Basi, ajisifuye bure tu mbele ya jirani zake hashikwi na sheria hiyo. Lakini sheria ikomapo, dhamiri haikomi.

Ya pili ni kumdhulumu mwuzaji. Mjane asiyejua bei akiuza nishani ya marehemu mumewe kwa sababu ya shida, na mnunuzi ajuaye akanyamaza, kunyamaza huko ni wizi, ijapokuwa fedha zimehesabiwa mezani.

Ya tatu imefichika zaidi: ni jicho lijualo chapa na kumsahau mtu. Sokoni nishani adimu ina bei kubwa, na ile ya kawaida ina bei ndogo. Lakini kwa nini imekuwa ya kawaida? Ni kwa sababu watu wengi walipita katika moto ule ule. Mkusanyaji aiwekaye kando akisema, «Hii si kitu,» amesahau kwamba kila mmoja wa wale wengi alikuwa na mwili mmoja tu na mama mmoja tu.

Basi turudi kwenye ule mkuki. Mwana mwema huutunza usiliwe na kutu. Mgeni akiuliza, humjibu hivi: «Huu si wangu, ni wa baba. Keti nikusimulie habari zake.»