Saa janja au saa ya mshale? Magharibi ya Mpanda si Magharibi ya Dar

Ukipita misikiti yetu ya hapa Mpanda, kuanzia Kashaulili hadi Makanyagio, hukosi kumwona kijana aliyevaa saa janja. Ukiigusa inawaka, inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inaonyesha nani amempigia simu, na ukifika wakati wa swala inatetemeka mkononi. Mzee aliyekaa pembeni yake ana saa yake ya mshale aliyoinunua zamani, kioo kimekwaruzika, na bado inakwenda. Ndugu zangu kadhaa wameniuliza: je, Muislamu mwenye kipato cha kawaida ana sababu ya kuiacha ile akanunua hii?

Upande wa halali na haramu hautuchukui muda. Saa ni chombo, na asili ya vyombo ni ruhusa. Mwanamume aepuke ya dhahabu, na kila mmoja aepuke israfu, kwani tunajua Qur'an katika Suratul Israa inawaweka wafujaji katika undugu gani. Anayeuza magunia ya mpunga wa kulisha nyumba ili apate saa ya kuonyesha watu hahitaji fatwa, jibu analo mwenyewe. Lakini aliye na uwezo, je? Hapo ndipo penye mjadala, maana hoja kubwa inayotolewa ni ya dini: saa janja inamsaidia mtu kuswali kwa wakati.

Na tuipime hoja hiyo hapa hapa Katavi. Saa za nchi yetu zimewekwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hata Dar es Salaam haiufikii. Dar ipo kwenye nyuzi 39 na kitu, Mpanda ipo karibu na nyuzi 31. Jua linachukua dakika 4 kuvuka kila nyuzi moja. Piga hesabu mwenyewe: kati ya Dar na Mpanda kuna dakika kama 33. Katikati ya mwezi Machi, jua la Dar linazama kama saa 12:35 jioni. Wakati huo huo huku Mpanda jua bado linaonekana, na halizami mpaka saa 1 iwe imekwishapita.

Wazee wetu hili walilijua bila ya kusoma jiografia. Redio ikiadhini Magharibi kutoka Dar katika Ramadhani, hakuna aliyenyoosha mkono kwenye tende. Watu walitazama jua. Sasa chukua kijana aliyenunua saa yake Kariakoo, muuzaji akamwekea programu ya swala na mji wa Dar es Salaam, akapanda gari akarudi nyumbani. Saa inatetemeka, yeye yumo ndani ya duka lake halioni jua, anafuturu. Jambo hili limetokea, na nimelisikia kwa mwenyewe. Alifungua kabla ya wakati kwa zaidi ya nusu saa, siku baada ya siku, mpaka jirani alipomuuliza mbona anakunywa uji mchana.

Je, ana kosa? Katika Sahih Bukhari kuna habari ya Asmaa bint Abubakar (r.a.) kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likatokeza. Maulamaa walio wengi wamesema aliyefuturu kwa dhana kisha ikabainika kuwa jua lilikuwa halijazama atalipa siku hiyo, ingawa hana dhambi. Wapo waliosema halipi. Lakini wale Masahaba waliangalia mbingu, wakazuiwa na wingu. Huyu wa kwetu hakuzuiwa na wingu lolote. Alikuwa hatua tatu kutoka mlangoni, asitoke nje kutazama, kwa kuwa mkono wake ulikwisha mwambia. Mimi naona hapo ndipo palipo na swali la maadili: mtu anapokabidhi kwa mashine jambo analoweza kulijua kwa macho yake, bado anaweza kusema "sikujua"?

Atakayesema nayachukia maendeleo hajasoma historia yake. Ibn al-Shatir, aliyekuwa muwaqqit, yaani mtunza nyakati, wa Msikiti wa Umawiyya kule Damascus, alitengeneza saa ya jua ya msikiti ule mwaka 1371. Al-Jazari alikwishaandika juu ya saa za maji mwaka 1206. Waislamu walipenda vyombo vya wakati kuliko watu wengi wa zama zao. Tofauti ni kwamba muwaqqit alikielewa chombo chake, na kikikosea alijua kimekosea wapi.

Utaniambia kwamba saa janja ya bei kubwa haina tatizo la Dar na Mpanda, kwa sababu inatambua yenyewe ulipo. Ni kweli. Lakini kutambua ulipo kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye bei ya dukani. Mwezi Novemba 2020 jarida la mtandaoni la Motherboard lilifichua kuwa Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla iliyopakuliwa mara zaidi ya milioni 98, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kwamba taarifa za X-Mode zilikuwa zikifika kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro walitangaza kukatisha uhusiano huo. Mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliizuia X-Mode kuuza taarifa nyeti za mahali watu walipo, zikiwemo za nyumba za ibada. Maana yake mtu alifungua programu ajue Alasiri imeingia, na kuna mwingine akajua yeye yuko wapi.

Kejeli ni kwamba hata saa ya bei rahisi haikutunusuru. Casio F-91W, ile nyeusi ndogo iliyotoka mwaka 1989, ilitajwa katika nyaraka za Guantanamo kama dalili dhidi ya baadhi ya wafungwa. Watu waliandikiwa saa ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaivaa. Walau ile Casio haikuwa na habari yoyote ya kumpelekea mtu.

"Mbona simu tayari inafanya hayo?" Inafanya. Lakini simu unaiacha kabatini. Saa unalala nayo, na inajua mapigo ya moyo wako usiku. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, nayo ni hatua njema, ila taarifa zikishahifadhiwa ng'ambo ya bahari sijui ni nani wa Nsemulwa atakayezifuata huko.

Mgonjwa namweka kando. Baadhi ya saa za bei kubwa, kama Apple Watch tangu toleo la mwaka 2018, zinaweza kuonyesha mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na daktari akimshauri mtu awe nayo, ainunue bila ya kujilaumu. Ila jihadharini na zile zinazodai kupima sukari ya damu bila ya kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha hata moja ya aina hiyo. Mwenye kisukari anayepanga dozi ya insulini kwa saa hiyo anaweka roho yake rehani.

Kwa wengine waliobaki, mimi nasema saa ya mshale inatosha, na kwa mrina asali wa Inyonga inazidi kutosha. Yeye hukaa porini siku kadhaa, hakuna umeme wala mtandao. Saa janja nyingi za bei kubwa zinataka kuchajiwa kila siku au baada ya siku mbili. Betri ya ile Casio inakaa kama miaka 7. Jua nalo liko pale pale.

Na aliyekwisha nunua, basi leo hii afungue mipangilio ya saa yake atazame mji ulioandikwa humo. Akikuta Dar es Salaam, achukue kalamu ahesabu siku alizofuturu nayo, kisha amfuate sheikh wake.