Nani Atamdaia Asiyejua Kudai?

Mwaka 2016 mama mdogo alitupigia simu kutoka Oxford, Uingereza, anakofanya kazi ya usafi. Akasema ametoka kutia saini karatasi ya kupinga kufungwa kwa kituo cha watoto. Mjomba akaangua kicheko.

"Kwani kituo ni chako, dada? Cha bure hakidaiwi. Mwenye kutoa akichoka kutoa, sema ahsante ujiondokee."

Nami nilicheka, nikaona mjomba amemaliza maneno. Lakini kauli ile haikunitoka, na leo naomba tuipime pamoja, ndugu msomaji. Je, ni kweli cha bure hakidaiwi?

Kwanza tukijue kituo chenyewe. Mpango wa vituo vile uliitwa Sure Start, ukaanza mwaka 1999. Kufikia 2010 England ilikuwa na vituo zaidi ya 3,500. Havikuwa chekechea tu. Mzazi aliyekuwa na mtoto wa chini ya miaka mitano aliweza kukuta pale wauguzi na wakunga, ushauri wa kunyonyesha, michezo, hata msaada wa kutafuta kazi. Mama mdogo aliingia na mtoto wa miezi mitatu mgongoni, Kiingereza cha kubabaisha, mume yuko zamu ya usiku. Anasema alichopata pale kikubwa kuliko mizani ya kumpimia mtoto ni mtu wa kumuuliza, "Na wewe, umelala?"

Baada ya 2010 serikali mpya ikabana matumizi, ruzuku za halmashauri zikakatwa. Mkoa wa Oxfordshire ulikuwa na vituo 44. Halmashauri ikaamua kubaki na vinane tu. Wazazi wakaja juu. Basi Februari 2016 ikajulikana kwamba mmoja wa waliotia saini kupinga ni Mary Cameron, mama mzazi wa David Cameron, waziri mkuu wa serikali ile ile iliyobana fedha! Na mwaka 2015 mwana mwenyewe, akiwa mbunge wa huko huko Oxfordshire, alikuwa amemwandikia kiongozi wa halmashauri kulalamikia mipango ya kupunguza huduma. Akajibiwa kwamba fedha za kutoka serikali kuu ndizo zilizopungua.

Mnauona mpira unavyopigwa? Serikali kuu inasema halmashauri ndiyo iliyoamua. Halmashauri inasema serikali kuu ndiyo iliyokata. Katikati yupo mtoto anayejifunza kutambaa.

Sasa tusiionee halmashauri, maana hoja ilikuwa nayo. Sheria inailazimisha kuwalinda watoto walio hatarini, wale wanaopigwa na wanaotelekezwa. Fedha zikiwa haba, utamwokoa anayeumia leo, au utamkinga anayeweza kuumia kesho? Tumezoea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali tamu, lakini haijatuambia la kufanya pale ukuta wa jirani umeshamwangukia mtu na mafundi ni wawili tu. Ningekalia kiti kile, huenda nami ningefunga.

Ila naona aliyegawa chakula asilaumiwe peke yake wakati aliyepima unga hata jikoni hakukanyaga. Anayepunguza unga huko mbali hamwoni mtoto yeyote, anaona tarakimu. Ndiyo maana naiheshimu karatasi ya mama mdogo. Ilizipa tarakimu sura.

Halafu, kwa nini mkasi huwafikia watoto mapema? Kwa sababu akiba huonekana mwaka huu huu, na faida ya malezi huonekana baada ya miaka kumi na tano. Mwaka 2024 watafiti wa Institute for Fiscal Studies walionyesha kwamba watoto wa kaya maskini waliokulia karibu na vituo vile vya awali, vilivyokuwa na fedha za kutosha, walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani ya umri wa miaka 16. Lakini kufikia siku ya mtihani, aliyejenga kituo keshaondoka madarakani, na aliyekifunga keshaondoka pia. Mtoto hana kura wala kijiwe cha kulalamikia.

Hivyo mjomba namjibu hivi. Kwanza, bure gani hiyo? Mama mdogo anakatwa kodi kwenye kila mshahara. Na hata asingekatwa, mtoto hakuomba kuzaliwa. Malezi yake si sadaka, ni deni letu sote. Ubaya wa deni hili ni kwamba mwenye kudai hajajua kusema, na deni lisilo na mdai hufa. Lazima mtu amdaie.

Walishinda? Kwa sehemu kubwa, hapana. Vituo vingi vilifungwa, vingine wakazi wakaviendesha wenyewe. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kufungua vituo vya namna hiyo kwa jina jipya. Heri. Lakini binamu yangu hatakuwa tena na miaka mitatu.

Na mimi je? Mtaani kwetu Tanga palikuwa na chekechea chini ya mwembe. Mwalimu alilipwa kwa michango ya wazazi. Michango ikalegea, mwalimu akavumilia miezi, kisha akaondoka. Asubuhi zile nilikuwa kijiweni na washikaji, nikiwaona watoto wamekaa vizingitini na vikombe vyao vya uji, hawana pa kwenda. Nikasema, "Serikali ya mtaa itajua la kufanya."

Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna karatasi iliyopita nyumba kwa nyumba. Sikuwa na haki ya kumcheka mama mdogo. Yeye alidai akakosa. Sisi hata hatukudai.