Kaka, Naomba Roho Moja



Vijana wenzangu, leo sianzi na Injili. Naanza na gemu. Mnivumilie kidogo, kanisani tutafika.

Likizo hii nilikuwa nyumbani Mofu, huku kwetu bonde la Kilombero. Mvua zilikuwa zimechachamaa, barabara ya kwenda Ifakara utelezi mtupu, hata bodaboda wanapiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha pikipiki. Jioni moja nikaenda kumsalimia kaka yangu. Nikamkuta mwanawe wa darasa la nne amekaa chini mbele ya TV, pedi mkononi, anacheza Contra. Ile ile ya utoto wetu! Kimashine cha bei poa, na kaseti inayojisifu kuwa ina magemu elfu kadhaa, kumbe ni yale yale machache yanajirudia.

Kwa wasioijua: Contra ni gemu la kampuni ya Konami ya Japani. Lilitoka mwaka 1987 kwenye mashine za kumbi za michezo, na mwaka 1988 likaja toleo la kuchezea nyumbani kwenye TV. Askari wawili, Bill Rizer na Lance Bean, wanakimbia, wanaruka na kupiga risasi wakipambana na wavamizi kutoka anga za mbali. Risasi moja tu ikikugusa, umekufa. Unaanza na roho tatu (sisi tuliita "roho"), basi. Upo mpangilio wa siri wa vitufe unaokupa roho thelathini. Uliwekwa kwanza na Kazuhisa Hashimoto kwenye toleo la nyumbani la mwaka 1986 la gemu lingine, Gradius, kwa sababu lilikuwa gumu mno hata kwake yeye aliyekuwa analijaribu. Sisi Mofu siri hiyo hatukuijua. Tulicheza kwenye kibanda cha jenereta, kwa kulipia, na roho tatu zikiisha, pesa imekwenda.

Mkicheza wawili, kuna mambo mawili ambayo hakuna aliyecheza anayeyasahau.

La kwanza ni maporomoko ya maji, hatua ya tatu. Pale mnapanda kwenda juu, mnaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Ukipanda haraka, picha inapanda na wewe, na mwenzako aliyebaki chini anakufa. Hakupigwa risasi na mtu. Ameuawa na haraka yako.

La pili ni kuazima. Roho zako zikiisha na mwenzako bado anazo, unabonyeza A na kuchukua moja ya kwake. Humwombi, gemu halimuulizi. Unashtukia umefufuka, na yeye amepungukiwa.

Basi jioni ile tukampokonya mtoto pedi, tukacheza wakubwa. Hatua ya tatu nikamuua kaka mara mbili. Roho zangu zilipoisha nikabonyeza A bila hata kufikiri. Kaka akacheka sana: "Frateri, hujabadilika. Unapanda tu, huangalii nani yuko chini. Halafu unakuja kuchukua na roho zangu!"

Nilicheka na mimi, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mwaka 2012 nilichaguliwa kuingia seminari ndogo. Kaka alikuwa sekondari, kidato cha pili. Mwaka ule mpunga ulikwenda na maji, na baba hakuwa na uwezo wa kutusomesha wote wawili. Kaka akasema ameichoka shule, anataka kulima. Mimi nilikuwa na miaka 13, nikaamini. Nikaendelea kuamini sekondari yote, mwaka wa malezi, na miaka yote ya falsafa. Kila muhula pesa ilikuja. Sikuwahi kuuliza ni magunia mangapi, wala ni usiku mangapi kaka alilala kwenye dungu akilinda mpunga usiliwe na nguruwe.

Usiku ule nikamuuliza mama. Mama akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo linalojulikana na kijiji kizima. "Nani alikwambia alichoka? Yule alikuwa anaipenda shule kuliko wewe."

Ndugu zangu, nina shahada ya falsafa. Naweza kukueleza Aristotle alivyomwona rafiki kuwa ni nafsi yako ya pili. Naweza kukueleza Mtakatifu Thoma wa Akwino alivyofundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Na miaka kumi na kitu sikuwahi kumwambia kaka yangu asante. Nilibonyeza A, nikapanda.

Sasa tuingie kanisani.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 10, Yesu anasema kuhusu uhai wake kwamba hakuna mtu anayemnyang'anya. Anautoa mwenyewe, kwa hiari yake. Hakuwa na roho thelathini. Alizaliwa mtu kweli kama sisi, na uhai wa kibinadamu aliokuwa nao ni mmoja. Aliujua uzito wake, ndiyo maana Gethsemane alitoka jasho. Akautoa. Na hakupanda haraka akatuacha chini ya maporomoko. Alishuka yeye mpaka tulipokuwa.

Kila Misa tunapokea uhai huo. Na neno lenyewe "Ekaristi" kwa asili yake ya Kigiriki maana yake ni shukrani. Angalia hapo: Kanisa halikuchagua kuita sadaka hii "deni". Mtu aliyepewa uhai wa mwingine anaanza kwa kushukuru. Mimi nilikuwa napokea Komunyo kila siku seminarini, nashukuru kwa Kilatini na kwa Kiswahili, na huku kuna mtu Mofu ambaye maisha yake yamo ndani ya yangu na sijamwona. Je, shukrani yangu altareni ilikuwa nzima? Nawaachia mjibu.

Contra iliendelea kutoka matoleo mengine. Lile la mwaka 2002, Shattered Soldier, lilinishangaza nilipolijua ukubwani. Kiongozi wa maadui ni Lance. Yule yule mliyepigana bega kwa bega! Na ana sababu zake, si mwendawazimu. Mwaka 2024 wakatoa Operation Galuga, wakairudia hadithi ya mwanzo, Bill na Lance wako pamoja tena. Watengenezaji wa gemu wanaweza kurudi mwanzo wakaandika upya. Wewe na mimi hatuwezi. Kaka hatarudi kidato cha pili. Kinachowezekana kwetu ni kwenda kwa mtu tukiwa hivi tulivyo, kabla ukimya haujawa ukuta.

Nilimfuata shambani asubuhi. Nikamwamkia: "Shikamoo, kaka." Nikamwambia yote, vibaya vibaya, maneno yaligongana. Alinyamaza. Kisha akasema kweli iliwahi kumuuma, hasa miaka ya mwanzo, akiona wenzake wanapita na sare. Hakusema "hakuna shida". Akasema, "Sikuwa nangoja unilipe. Nilikuwa nangoja uulize." Halafu akanipa jembe, tukalima mpaka jua kali.

Nilimwuliza pia swali lililokuwa linanitisha: nikishindwa huko mbele, nisipofika upadre, je? Akajibu kwamba hakunipa ili nivae kanzu. Alinipa kwa sababu mimi ni mdogo wake. Nimelibeba jibu hilo kwenye sala kuliko vitabu vyangu vyote.

Kijana mwenzangu, wewe unaishi kwa roho ya nani? Dada aliyekwenda kufanya kazi za ndani mjini ili wewe ulipiwe ada? Mama wa vitumbua anayeamka saa kumi? Baba asiyejua kusema "nakupenda" lakini viatu vyake vimeisha soli? Kabla ya Misa ya Jumapili hii, mtafute. Piga simu kama yuko mbali. Usianze na hotuba. Anza na swali: ulipungukiwa na nini nilipopata mimi? Kisha nyamaza, usikilize. Na kama wewe ndiye uliyetoa, na moyo unauma, mpelekee Yesu uchungu huo bila kuupamba. Yeye anajua kutoa kunagharimu nini.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyetoa uhai wako bila kunyang'anywa, utufungue macho tuwaone waliopungukiwa ili sisi tuzidi. Utufundishe kupanda polepole, na kutazama chini. Amina.

Mbarikiwe sana. Mniombee, nami nawaombea.