Mtoto Mpya Amezaliwa: Na Yule Aliyeshushwa Mgongoni?



Mtoto anapozaliwa kijijini, habari yake haina haja ya mjumbe. Vigelegele husikika, wanawake huja na kuni na maji, mama huletewa uji wa moto, na wazee huuliza: «Ni mtoto mume ao mtoto mke?» Furaha hiyo ni njema, na anayeikataa hana moyo wa kibinadamu.

Lakini tazameni vizuri katika nyumba hiyo. Karibu na mlango, ao nyuma ya jiko, amekaa mtoto mwingine, mwenye miaka miwili ao mitatu. Juzi alikuwa akibebwa mgongoni pa mama. Usiku alilala kifuani pake. Leo mahali pake pana mtu, naye hakuulizwa neno, wala hakuna aliyemweleza. Wageni wanaruka miguu yake ili wamfikie mdogo wake. Basi swali letu ni hili: Tuna deni gani kwa mtoto huyu?

Wengi hujibu upesi: «Hakuna deni. Mapendo ya wazazi hayapungui kwa kuongezwa mtoto. Jirani akichukua kijinga cha moto jikoni mwako, moto wako haupungui.» Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mapendo hayagawanyiki, maziwa ya mama hugawanyika. Mgongo wa mama ni mmoja, mikono yake ni miwili, na usiku wake una saa zilezile. Tena, mtoto wa miaka miwili hayajui mapendo kwa kufikiri, kama sisi watu wazima. Huyajua kwa maziwa, kwa mgongo, kwa mkono unaomlisha. Ukimwondolea vyote hivyo siku moja, kisha ukamwambia kwamba bado unampenda, umempa sauti tu.

Wala si jambo la moyo peke yake. Linagusa uhai wenyewe. Ninyi wa Kivu mnaujua ugonjwa uitwao bwaki. Miguu ya mtoto huvimba, na uso pia, hata wasioelewa husema amenenepa. Nywele hugeuka nyekundu na kung'oka upesi. Ngozi hubanduka. Mtoto hachezi tena; hukaa peke yake na kukataa chakula. Jirani husema: «Amerogwa.» Huko Lwiro, karibu na Bukavu, waganga wa hospitali wamewatunza na kuwachunguza watoto wa namna hiyo kwa makumi ya miaka, wala hawakumkuta mlozi. Walikuta watoto walioachishwa ziwa na kushibishwa ugali wa mihogo peke yake, pasipo maharagi, pasipo samaki, pasipo karanga.

Ugonjwa huo una jina lingine, kwashiorkor. Jina hilo lilitoka mbali, katika nchi ya Ghana, ambayo zamani iliitwa Gold Coast. Mganga mwanamke, Cicely Williams, alilisikia kwa Waga wa upande wa Accra, akaliandika katika gazeti la waganga mwaka 1935. Watu walimweleza maana yake: ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa mahali pake kwa kuwa mwingine amekuja. Fikirini jambo hilo. Wenyeji wale hawakuliita kwa ajili ya miguu yenye kuvimba, wala kwa ajili ya nywele. Waliliita kwa habari iliyotokea nyumbani. Walikwisha kuona kwamba mtoto huyo aliugua tangu siku alipopoteza nafasi yake.

Basi deni lipo. Tuone sasa linalipwaje, na nani anayelilipa.

Mtu atasema kwanza: «Lakini mtoto huyo mwenyewe ni mbaya. Humfinya mdogo wake. Hukojoa kitandani, naye alikwisha kuacha. Hulilia ziwa aliloliacha. Yafaa achapwe, ili wivu umtoke.» Tunajibu: Wivu wa mtu mzima ni dhambi, maana mtu mzima ana akili ya kupima mambo. Kanisa lenyewe huhesabu kwamba akili hiyo huja kama kwa umri wa miaka saba. Mtoto wa miaka miwili anayemfinya mdogo wake hafanyi dhambi. Anauliza swali ambalo hana maneno ya kulisema. Anauliza: «Je, mimi bado nina mahali hapa?» Ukimjibu kwa fimbo, umemwambia: «Hapana.» Zuia mkono wake kwa upole, maana mchanga lazima alindwe, kisha mpakate yeye naye kidogo, hapo hapo.

Vibaya kuliko fimbo ni mizaha yetu. Wageni hucheka na kumwambia: «Wewe sasa basi! Mama amepata mwingine. Wewe tutakutupa porini.» Wanasema hivyo kwa kuchangamsha watu. Lakini mtoto hajui mzaha wa namna hiyo. Analiamini kila neno, naye huenda nalo mpaka usiku.

Mwingine atasema: «Vema, basi tuwape watoto wote sawasawa, ndiyo haki.» Hapana. Kupenda sawasawa si kugawa sawasawa. Mchanga hawezi kungoja. Akilia kwa njaa, apewe ziwa mara moja. Mkubwa wake aweza kungoja kidogo, mradi ajue kwamba zamu yake itafika kweli. Kwa miezi sita ya kwanza mchanga ahitaji maziwa ya mama tu, bila maji wala uji. Mkubwa wake ahitaji uji mzito wa mahindi na soya, maharagi yaliyopondwa, ndagala ao sambaza, yai likipatikana. Ukiwapa chakula kimoja, umemdhulumu mmoja wao. Haki ya nyumbani ni kumpa kila mmoja kile ambacho asipokipata ataharibika.

Lakini angalieni, mtu asifiche upendeleo nyuma ya neno hilo. Yakobo alimpa Yosefu kanzu nzuri, nao ndugu zake hawakuwa na njaa wala uchi. Kanzu ile haikujibu haja yoyote. Ilitangaza tu kwamba mmoja anapendwa kuliko wengine. Mnajua mwisho wake: shimo, na safari ya Misri. Basi mzazi ajiulize kila mara: «Je, nampa huyu kwa sababu anahitaji, ao kwa sababu nampenda kuliko mwenzake?»

Sasa tufike kwenye fundo la maneno yetu. Mama anamnyonyesha mchanga usiku na mchana. Damu imemtoka, nguvu zake hazijarudi, na shamba linamngoja. Tukimwambia yeye peke yake alipe deni la yule mkubwa, tunamwekea mzigo juu ya mzigo. Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa. Ni nani basi atakayempokea mtoto aliyeshushwa mgongoni?

Katika nyumba nyingi anayepewa kazi hiyo ni dada yake, msichana wa miaka saba ao minane. Yeye hufungiwa mtoto mgongoni kwa kitenge, ao hubaki nyumbani na wote wawili mama aendapo shamba. Sisi tunaofundisha katika shule ya msingi twajua alama yake: wiki moja baada ya vigelegele kijijini, nafasi ya msichana ni tupu darasani. Mwanzoni hukosa siku mbili, halafu mwezi, halafu mwaka. Tangu Septemba 2019 serikali ya Kongo imetangaza kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure. Lakini hata shule bila malipo haimfundishi asiyefika. Msichana kumsaidia mama yake ni vema, naye hujifunza mengi kwa hiyo. Lakini kusaidia ni jambo moja, na kuwa mama akiwa na miaka minane ni jambo lingine. Hatuwezi kulipa deni la mtoto mmoja kwa mali ya mtoto mwingine.

Nyanya akiwapo, ni baraka kubwa. Mikono yake ina maarifa. Lakini si kila nyumba ina nyanya, na nguvu za mzee ni chache.

Anabaki mmoja: baba.

Najua baadhi yenu wanaume mtacheka. Mtasema: «Desturi haituruhusu. Mwanaume hakai jikoni, habebi mtoto, halishi uji. Wenzangu wataniona wataniita mwanamke.» Tuipime hoja hiyo bila hasira. Desturi ya wazee ilimpa baba kazi ya kulinda nyumba dhidi ya chui na adui. Nani anamlaumu kwa kazi hiyo? Hakuna. Basi, leo chui ameingia kwa mlango mwingine. Jina lake ni bwaki. Anamchukua mtoto palepale kando ya jiko, huku baba ameketi chini ya mti na wenzake. Anayemfukuza chui kwa kijiko cha uji ni mlinzi vilevile kama anayemfukuza kwa mkuki.

Tazameni pia sahani. Katika nyumba nyingi baba huletewa chakula chake kwanza, na kipande kikubwa cha samaki kimo ndani yake. Watoto hupata ugali na mchuzi. Sisemi baba asiheshimiwe. Nasema heshima yake imempa njia nyepesi ya kulipa deni. Amwite yule aliyeachishwa ziwa, amketishe kando ya goti lake, amwondolee samaki mifupa, amlishe kwa mkono wake. Mtoto huyo alipoteza kifua cha mama; sasa amepata sahani ya baba. Kwake ni kupandishwa cheo, si kufukuzwa. Katika Kitabu cha Mwanzo twasoma kwamba siku Isaka alipoachishwa ziwa, aliyefanya karamu kubwa ni Abrahamu, baba yake. Mzee yule hakuona aibu kuijua siku hiyo.

Liko jambo jingine linalomhusu baba kabla mimba haijaingia. Wazee wetu, katika makabila mengi ya Kongo, walikuwa na sheria: mume asimkaribie mke anyonyeshaye mpaka mtoto atembee vizuri. Mara nyingine mama alirudi kwa wazazi wake kwa muda huo. Sheria hiyo ilimlinda mtoto aliye mgongoni, asishushwe kabla ya wakati. Lakini ilisimama juu ya nguzo mbili: moja ilikuwa kumhurumia mtoto, nyingine ilikuwa wake wengi. Ninyi mnaojitayarisha kwa ubatizo na ndoa ya Kikristu mmeiacha nguzo ya pili. Msiiache na ile ya kwanza! Mume wa mke mmoja hana nyumba nyingine ya kukimbilia. Yampasa ajitawale mwenyewe. Huo ndio ugumu wake, na ndio ukubwa wake.

Siku hizi Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri kwamba baada ya kuzaa ingojwe angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Papa Paulo VI naye, katika barua yake ya mwaka 1968, alifundisha kwamba mume na mke wenye sababu za kweli waweza kutenganisha uzazi kwa kufuata siku ambazo mwanamke hashiki mimba. Na waganga waliokutana Bellagio, nchi ya Italia, mwaka 1988, walithibitisha jambo ambalo mama zetu walilijua kwa sehemu: mama anyonyeshaye kwa ukamilifu, usiku na mchana, ambaye damu ya mwezi haijamrudia, na mtoto wake hajapita miezi sita, amelindwa, kati ya wanawake 100 wa hali hiyo, 98 na zaidi hawapati mimba. Sharti moja likikosekana, ulinzi huo umekwisha. Mume na mke waende pamoja kwenye kituo cha afya wakaulize. Asitumwe mke peke yake, kana kwamba uzazi ni mambo yake tu.

Basi, wapenzi wakatekumeni, shikeni maneno machache mkayafanye. Kabla ya mtoto kuzaliwa, baba aanze kumzoeza mkubwa kulala kando yake na kula pamoja naye, ili siku ile asipoteze vyote mara moja. Asiachishwe ziwa kwa ghafula. Mgeni akija kumwona mchanga, amsalimu kwanza mkubwa kwa jina lake, na akileta zawadi, amletee naye ndizi moja. Mkubwa aketishwe, awekewe mchanga mapajani, mama akishika kichwa, aambiwe: «Huyu ni mdogo wako.» Miguu ikivimba, nywele zikibadilika, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, wala msipoteze wiki kwa mpiga ramli.

Na wewe mama, kumbuka jina lako. Kijijini mwetu mwanamke huitwa Mama wa fulani, na huyo fulani ni mtoto wake wa kwanza. Wa pili akizaliwa, na wa tano, na wa nane, jina hilo halibadiliki. Wazee waliotuachia desturi hiyo walijua kwamba anayekuja haondoi mahali pa aliyetangulia. Walilisema kwa jina. Sisi tulitimize kwa mkono na kwa sahani.